Siku Mama Alipoulinda Mshale wa Mtambo

Jumamosi, jioni. Mbarara.

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha matope mekundu mpaka mlangoni, kisha jua likatoka kana kwamba hakuna lililotokea. Sasa kuna kibaridi. Miguu inaniuma, sauti imekauka, na bado najikuta nikicheka peke yangu.

Mama yuko uani na mwenye nyumba, wanachambua mboga. Namsikia kutoka hapa chumbani akisimulia mambo ya leo, na katika simulizi yake mimi ni mtu mdogo sana. Yeye ndiye aliyeokoa kiwanda. Nimeona niandike yangu haraka, kabla yake haijaenea mtaa mzima wa Kamukuzi.

Kwa wewe uliyefika kwenye ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: naitwa Nabintu, nyumbani Nabi. Tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa bado nabebwa mgongoni, nikakulia Juru, huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye mashamba ya maharage na mahindi. Nilisomea umeme na vifaa vya kupimia hapa Mbarara, na tangu mwaka jana niko kwenye kiwanda cha maziwa, kwa mkataba wa majaribio. Kazi yangu ni kumsaidia Injinia Tumwine kufunga mfumo mpya wa kuendesha mitambo. Mfumo ukikubaliwa, huenda nikabaki. Ukikataliwa, narudi Juru kupalilia.

Siku ya kukubaliwa au kukataliwa ilikuwa leo.

Niseme kidogo kuhusu mfumo wa zamani, maana bila huo furaha yangu haieleweki. Lilikuwa kabati moja kubwa la chuma, limesimama kwenye chumba kimoja karibu na boila. Kila sensa ya kupimia joto, kila vali, kila pampu ya kiwanda kizima ilivuta waya wake mpaka humo. Ukifungua mlango unakutana na nyaya zimesongamana kama matumbo ya ng'ombe. Akili yote ya kiwanda ilikaa humo. Kabati likiumwa, kila kitu kinalala.

Na liliumwa. Msimu wa mvua uliopita feni yake ilikufa, kabati likapata joto, likazima. Maziwa yakabaki katikati ya mabomba, si mabichi, si yaliyochemshwa. Tukayamwaga. Nje ya geti wafugaji walikuwa wamepanga foleni na madebe yao, na Sauda, anayeendesha mitambo kutoka chumba cha skrini, ndiye aliyetumwa kuwaambia warudi nayo nyumbani. Aliporudi ndani alikuwa analia. Sauda si mtu wa kulia. Ni mtu wa kuimba vibaya na kunywa chai yenye tangawizi nyingi mpaka unakohoa ukipita karibu naye.

Mfumo mpya tumeujenga kwa wazo jingine kabisa. Badala ya akili moja, kuna vidhibiti vitatu. Kidhibiti ni kompyuta ngumu isiyo na skrini yake kubwa wala kibodi. Haichezi muziki. Kazi yake ni kusoma sensa, kuamua, na kuiambia vali ifunguke au ijifunge, tena na tena, mchana kutwa, bila kuchoka. Kimoja tumekiweka mapokezi ya maziwa, kingine kwenye mtambo wa kuchemshia, kingine upande wa majokofu na boila. Kila kimoja kinakaa karibu na vyombo vyake, kwa hiyo nyaya ni fupi. Na kila kimoja kina pacha wake pembeni, anayefuata kila hatua, tayari kushika kazi mwenzake akianguka.

Halafu kuna njia. Hizi ndizo nilizozipenda kuliko vyote.

Vidhibiti vinazungumza na chumba cha skrini kwa njia mbili, ya bluu na ya njano, kwa rangi za nyaya zake. Bluu inapita juu darini. Njano inapita chini, kwenye mfereji wa saruji. Tulizitenganisha makusudi, ili panya, au moto, au fundi mwenye drili na haraka zake asizikate zote mbili kwa mara moja. Kila njia ina swichi yake ya mtandao, yaani kisanduku kinachopokea mazungumzo na kuyagawa, na kila swichi ina betri yake ya akiba.

Kuna na mtandao mwingine, wa ofisini, ule ambao watu wanaangalia mpira. Huo tumeuzungushia ukuta usiifikie mitambo. Mhasibu alinisumbua wiki nzima akitaka kuona joto la maziwa kwenye simu yake. Nikamuuliza la nini. Akasema anapenda tu kujua. Nimempa ukurasa wa kusoma, asioweza kubonyeza chochote, na sasa kila asubuhi badala ya kunisalimia ananitajia joto.

Jumapili iliyopita nilikuwa Juru nikimsaidia Mama kupukuchua maharage. Akataka nimweleze kazi yangu kwa maneno anayoweza kwenda nayo kanisani. Kisa ni kwamba pale sokoni Misiera, kwenye meza yake ya kuuzia, wenzake wanamwambia binti yake anaosha madebe tu. Kazi ya kuosha madebe ni kazi, na waoshaji wetu ni watu safi kuliko wote kiwandani, lakini Mama alitaka ukweli.

Nikamwambia: zamani kulikuwa na jiko moja linalopikia kijiji kizima. Likizimika, wote wanalala njaa. Sasa kila nyumba ina jiko lake na mpishi wake, na kati ya nyumba kuna vijia viwili vya kupelekeana habari.

"Na kama hivyo vijia vyote viwili vinafungika?" akauliza.

"Haviwezi kufungika vyote pamoja, Mama."

"Sawa. Lakini kama?"

"Basi kila mmoja anaendelea kupika kwake."

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndivyo tulivyopanga na ndivyo mtengenezaji alivyoandika. Kuona kwa macho, sikuwa nimeona.

*

Hajji Swaleh, mwenye kiwanda, alikuwa ametangaza kwamba leo kila mfanyakazi anaweza kuleta mtu mmoja wa nyumbani, na wafugaji nao wamealikwa. Alitaka waone na wasahau ile siku ya madebe kurudishwa. Hajji ni mfanyabiashara wa zamani hapa mjini, mtu wa haki, ila subira hakupewa nyingi.

Mama alifika asubuhi na ndoo ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitenge. Mlinzi wa geti alimwambia chakula hakiingii kiwandani. Mama akamwambia basi akae nayo yeye, na akipenda ale. Nilipofika getini kumchukua, mlinzi alikuwa ameshaipenda.

Wakamvalisha koti jeupe, gambuti, na ile kofia ya wavu.

"Nabi," akaninong'oneza, "balinivalisha soksi mu kichwa."

"Ni sheria, Mama. Hata Hajji anavaa."

Akageuka kumtafuta Hajji kwa macho. Kweli alikuwa ameivaa, juu ya kofia yake nyeupe ya kawaida. Mama akaridhika.

Sauda akatoka chumba cha skrini kumlaki, akapiga magoti kidogo kama wanavyofanya watu wa huku, akamwita Maama. Mama hakuzoea kupigiwa magoti na mtu wa mjini. Akamshika mikono yote miwili, wakaanza kuongea kama waliowahi kuishi nyumba moja.

Mimi mawazo yalikuwa kwenye jaribio.

Desturi ni kwamba mfumo mpya unajaribiwa kwa maji kwanza. Maji yanapita kwenye mabomba yaleyale, yanapashwa moto na kupozwa vilevile, ila yakiharibika hakuna anayelia. Jana tulikubaliana hivyo mimi na Injinia. Leo Hajji alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba wataona maziwa yakipita.

Nilimfuata Injinia Tumwine pembeni. Akakuna kidevu. Akasema labda itakuwa sawa, tumeshapima kila kitu kipande kwa kipande. Ni mtu mpole, hapendi kubishana na mwenye mali mbele ya watu. Mimi pia sipendi. Kuna watu wangapi wa Nakivale waliosimama mbele ya tajiri wa Mbarara wakamwambia hapana?

Nikaenda.

"Hajji, samahani. Naomba tuanze na maji."

"Maji?" Akawaangalia wageni, akaniangalia mimi. "Binti, watu wametoka mbali. Waje kuona maji yakichemka? Si wanayo nyumbani?"

Watu wakacheka.

"Tukimaliza salama, mchana tutaweka maziwa."

"Kwani unauogopa mfumo wako mwenyewe?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nauogopa.

"Kidogo, Hajji. Ndiyo."

Hapo Injinia akasogea, Mungu ambariki, akasema, "Hajji, anayezishika nyaya ni huyu. Kama anataka maji, tumpe maji."

Hajji alivuta pumzi ndefu. "Kale, sawa," akasema. "Maji." Akaniacha pale, akawapeleka wageni wake kutazama jinsi maziwa yanavyopimwa mapokezi. Hakuonekana kufurahi. Nilijua kabisa kwamba nimejichomea siku hata kama mfumo utapita.

*

Tukaanza.

Sauda kwenye kiti chake, skrini mbili mbele yake. Wageni nyuma ya kioo. Mama mbele ya wageni wote, sijui alipitaje.

Kwanza nilikwenda kwenye kabati la mtambo wa kuchemshia nikazima kidhibiti kinachoongoza. Pacha wake akashika kazi. Kwenye skrini ya Sauda ikatokea kengele moja ya kistaarabu, na namba za joto hazikuruka hata kidogo. Wageni hawakuelewa nini kimetokea kwa sababu hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Injinia akawaeleza. Wakapiga makofi.

Kisha nikachomoa waya wa bluu. Mazungumzo yote yakahamia njia ya njano. Makofi tena. Sauda akaanza kuimba chini chini. Nikaurudisha waya, bluu ikarudi. Nikajiambia, Nabi, jikaze, imebaki moja.

Iliyobaki ilikuwa kukata umeme wa swichi ya bluu, kama vile betri yake imekufa. Ni jaribio dogo kuliko hayo mengine. Nikafungua kabati la swichi, lililo kwenye chumba cha pembeni, nikashusha kikata umeme chenye karatasi ya bluu.

Taa za swichi ya bluu zikazimika.

Taa za swichi ya njano zikazimika.

Nilizitazama nikidhani macho yananidanganya. Halafu nikamsikia Sauda.

"Banange! Nabi! Mimi hapana ona kitu! Maswali tu!"

Nikakimbilia kwake. Skrini zote mbili zilikuwa zinawaka, maana kompyuta zina umeme wake, lakini kila namba ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza. Joto, alama ya kuuliza. Pampu, alama ya kuuliza. Kiwanda kizima kilikuwa kimekaa mbele yetu kikituuliza maswali.

"Mimi iko kipofu," Sauda akasema, mikono hewani. "Kipofu kabisa."

Nyuma ya kioo wageni wakaanza kunong'ona. Nilimwona Hajji akivua miwani. Miguu yangu ilikuwa tayari imeanza kurudi kwenye lile kabati, kupandisha kikata umeme, kufuta yote haya haraka kabla hayajakaa kwenye macho ya watu.

Injinia akanishika bega.

"Usiwashe," akasema polepole. "Ni maji, Nabi. Ni maji tu. Tukiwasha sasa hatutajua kwa nini. Mimi natafuta hapa. Wewe nenda ukaone kule ndani kunatokea nini."

Ni maji tu. Sijawahi kuyapenda maji namna ile.

Nikatoka mbio kuelekea ukumbi wa kuchemshia. Nyuma yangu nikasikia gambuti zikinifuata, kwapu, kwapu, kwapu. Mama.

Ukumbini kulikuwa na kelele zake za kawaida. Pampu inanguruma. Mvuke unapumua. Kwenye bomba kubwa kuna kipimo cha joto cha zamani, cha mshale, kisichohitaji umeme wala mtandao. Injinia alikataa kisiondolewe tulipokuwa tunafunga vipya. Mshale ulikuwa katikati ya eneo la kijani. Nikatazama vali ya mvuke. Inafunguka kidogo, inajifunga kidogo, inafunguka tena. Kidhibiti kilikuwa kazini. Hakuna aliyekiambia kitu, hakuna aliyekiona, nacho kilikuwa kinaendelea kupima na kuamua kama vile tuko wote hapo.

Nilitaka kukaa chini sakafuni. Lakini kulikuwa na majokofu ya kuangalia, na boila, na mapokezi, na mtu wa kubaki hapa sikuwa naye. Wenzangu wote walikuwa wakiwahudumia wageni.

"Mama, njoo. Unaona huu mshale?"

"Minauona."

"Simama hapa. Ukitoka kwenye kijani, ukienda huku ama huku, piga kelele mpaka nisikie. Usiondoke."

"Sitoke," Mama akasema. Akapanga miguu yake kwenye gambuti, akafunga mikono kifuani, akaukazia mshale macho kama anavyowakazia nyani karibu na mahindi.

Nikazunguka. Majokofuni, sawa. Boila, sawa. Mapokezi, pampu inazunguka na vali zimekaa vizuri. Kila kidhibiti kimebaki peke yake, na kila kimoja kinafanya kazi yake. Nikawa namtumia Sauda habari kwa simu, naye ananijibu "ee, ee, endelea," akiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa baadaye, na Mama na Hajji, na hadithi zao hazipishani sana.

Hajji aliingia kwa hasira akinitafuta. Akamkuta mwanamke asiyemjua amesimama mbele ya mtambo wake mkubwa. Akamwomba apishe. Mama hakugeuza hata shingo.

"Nabi alisema nisitoke hapa."

"Mama, mimi ndiye mwenye kiwanda."

"Ndiyo patroni, minajua. Lakini sogea kidogo, unaniziba mwangaza."

Na Hajji akasogea. Hapo ndipo ningelipa chochote niwe nimejificha nyuma ya tangi nikiona. Akasogea, akavaa miwani yake, akauangalia mshale naye.

"Unaangalia nini?"

"Kama unatoka mu kijani. Hautoke. Haitikisike hata." Halafu, kwa kuwa alimwona mtu mzima ana wasiwasi, Mama akamwonea huruma, akamweleza. "Vijia vimefungika, patroni, vyote viwili. Lakini kila mama iko anapika kwake. Usiogope."

Nilipowarudia walikuwa wamesimama bega kwa bega, wote wawili na wavu kichwani, wakiutazama mshale. Nilipoita, wote wawili wakaniinulia mkono ninyamaze.

*

Injinia alikuwa ameugundua ugonjwa wa mfumo.

Tulipokuwa tunajenga, betri ya pili ilichelewa kufika. Ili tusikae bure tuliunganisha swichi zote mbili kwenye betri ya kwanza, kwa muda. Betri ya pili ilipofika tukaifunga vizuri, tukaiwekea karatasi ya njano, tukaipima, ina umeme wa kutosha. Hakuna aliyekumbuka kuhamisha waya. Kwa wiki kadhaa betri ile imekuwa inanguruma pale chini bila kulisha kitu chochote. Njia mbili, swichi mbili, rangi mbili, mfereji na dari, na vyote hivyo vinakunywa kwenye kisima kimoja. Injinia alinionyesha kwa bisibisi, kisha tukaangaliana, na sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Tukahamisha waya. Tukawasha. Swichi zikachukua muda wake kuamka, kama mtu mzito asubuhi, halafu alama za kuuliza zikaanza kugeuka namba, moja baada ya nyingine, na Sauda akazisoma kwa sauti kama anaita majina ya watoto waliopotea wakarudi. Akalinganisha na kiganja chake. Ziliendana.

Nikashusha tena kile kikata umeme cha bluu. Bluu ikafa. Njano ikabaki inawaka, taa zake kijani kibichi, tip, tip, tip. Kwenye skrini hakuna namba hata moja iliyosogea.

Safari hii sikusikia makofi kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa ndani ya kabati. Nilikuwa nalia kidogo. Ya furaha, lakini sikutaka kuulizwa.

Mchana tukaweka maziwa.

Wafugaji walisogea kwenye kioo mpaka pumzi zao zikakifanya ukungu. Sauda akabonyeza, vali ya mapokezi ikafunguka, na maziwa yakaenda: mapokezi, kuchemshwa, kupozwa, tangini. Wakati wote huo mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake bila la kufanya. Nilitaka kuchomoa kitu, basi tu mikono ipate kazi. Sauda akaniambia niende nikale, ninampa kizunguzungu.

Tulikula nyuma ya ghala: matoke, maharage, na ile sombe ya Mama, ambayo mlinzi alikuwa ameipunguza kwa kiasi cha kuonekana. Hajji akaja akaketi kwenye kreti, sahani mkononi. Akala kwanza. Halafu akaniuliza, mbele ya wote:

"Binti, nisaidie kitu. Wakati ule skrini zimekuwa maswali. Kama tungekuwa tumeweka maziwa, yangeharibika?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ingenipa haki yote ya asubuhi. Lakini si kweli.

"Hapana, Hajji. Yangechemka vizuri na kutoka salama, kama maji yalivyotoka."

"Basi ulinikatalia kwa nini?"

"Kwa sababu asubuhi sikuwa najua."

Injinia aliacha kutafuna. Nikaona ndevu za Hajji zikitikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka, kicheko cha mtu asiyetaka kukitoa chote.

"Mimi pia sikuwa najua," akasema. "Ila mimi nilikuwa na uhakika."

Akamgeukia Injinia Tumwine, akaongea kana kwamba mimi sipo pale. "Huyu, Jumatatu asije tena kama mtu wa majaribio. Aje kama mtu wa hapa."

Kisha akanyanyuka, akaomba aongezewe sombe, akaondoka nayo.

Sauda alinipiga ngumi ya bega mpaka sasa panauma. Mama akaniuliza amesema nini, maana aliongea haraka. Nikamweleza. Akaivua ile kofia ya wavu, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa kitenge chake. Nikamwambia zile hutupwa zikishavaliwa. Akasema hii haitupwi, hii inaenda Misiera.

Sasa giza linaanza kuingia na huko uani naona wamefika kwenye sehemu ya Hajji kuziba mwangaza, maana mwenye nyumba anacheka kwa kupiga mapaja. Nikimaliza hapa nitatoka nikae nao nisikilize. Labda nitasahihisha jambo moja au mawili. Labda nitaacha.

Kuna neno moja ninaloligeuzageuza tangu mchana. Mtu wa hapa. Nimeishi nchi hii karibu maisha yangu yote, na nimeitwa mengi: wa Nakivale, wa Kongo, wa kule kambini, yule msichana wa nyaya. Hilo la leo sikuwa nimewahi kuitwa na mtu. Najua alimaanisha kiwanda, orodha ya wafanyakazi na kiti cha kukalia. Huenda hakumaanisha zaidi ya hapo.

Sikumuuliza.

Jumatatu nitafika mapema.